Mdoli Niliyemfufua

Dada yangu,

Sisi wazima, ila binti yako amenichosha! Kwenye mafunzo ya wodi ya watoto wachanga, mimi ndiye ninayeendesha, kwa mashine, mapigo ya moyo ya mdoli wa mazoezi. Jana kwenye mtihani akawa anampampia mdoli hewa na kifua hakipandi. Namkonyeza arekebishe barakoa ya hewa usoni mwa mdoli, ananitolea macho tu! Nikamwonea huruma, nikapandisha mapigo kana kwamba hewa imeingia. Akafaulu.

"Hukuona kifua hakipandi?" nikamuuliza baadaye.

"Mjomba nawe! Si mdoli tu?"

Dada, Jumatatu alikuwa aanze kushika watoto wa watu. Leo nimemweleza mwalimu wake ukweli. Amefutiwa matokeo, nami nimeondolewa kwenye mashine. Hanisalimii.

Akikupigia analia, usimbembeleze, mwambie arudie. Mimi nisamehe kwa kumfaulisha.

Mdogo wako