Nilikata Kipande cha Kusuuza Mbegu

Mpendwa Bi Nadhira, sijui umri wako lakini naanza na shikamoo, maana anayeomba kusaidiwa hapungukiwi kitu kwa kuamkia, na mimi msaada wako nauhitaji haraka, kabla msimu wa kusia mbegu haujawapita watu niliowaharibia.

Mimi ni mkulima wa mpunga, nina miaka hamsini na saba, naishi Lipangalala hapa Ifakara ingawa asili yetu ni upande wa Mahenge, na kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikizunguka vijiji vya bonde hili kuwafundisha wakulima namna ya kuandaa mbegu na kitalu, kiasi kwamba watu wengi jina langu hawalijui, wananiita Mwalimu tu, na nikifika kijijini nawekewa kiti, naletewa maji ya kunawa na wali kwa kuku, na sisemi haya kwa kujisifu, nasema ili uelewe nilichoogopa kukipoteza.

Mwaka huu chama chetu cha wakulima kiliamua kwamba masomo yahamie kwenye simu, wakaniambia Mwalimu umri unakwenda na barabara zetu unazijua masika, wewe rekodi video, kila kikundi kitajifunza kwa Wasap kwa wakati wake, watu wakapiga makofi na mimi nikapiga, lakini Bi Nadhira, moyo ulinishuka, nikajiambia nikishaingia kwenye simu za watu nani atanitafuta tena.

Wa kurekodi alikuwa Hajira, binti wa mzee Mtoro mwenye duka la pembejeo pale Kibaoni, yeye kazi yake ni kurekodi harusi na ana kamera nzuri, akaja kwangu asubuhi tukarekodi kila kitu, nikaonyesha namna ya kukoroga chumvi kwenye ndoo mpaka yai bichi lielee, nikamimina mbegu, mapepe, zile punje tupu, yakaja juu nikayaondoa, nzito zikabaki chini, nikazisuuza kwa maji safi mara tatu mpaka ukiweka punje ulimini husikii chumvi, ndipo nikaziloweka kwenye maji mengine safi zilale humo, na kesho yake akarudi kurekodi ninavyozifunga kwenye gunia zichipue.

Video ilitoka dakika sita na nusu, Hajira akasema mwisho iwe tano kwa sababu bando za watu ni ndogo na mtu akichoka anafunga, akaniambia, "Baba Teddy, tupunguze hizi salamu," maana mwanzoni nilikuwa nimemsalimia mwenyekiti wa chama, mtendaji wa kata, bwana shamba, paroko, wazee, akina mama na vikundi vyote kwa majina, dakika moja na sekunde arobaini, nami nikamjibu, "Binti, salamu hazipunguzwi, huingii kwa watu bila hodi." Akauliza, "Sasa tukate wapi?" Nikasema, "Kata pale ninaposuuza." Akaniangalia, akasema, "Lakini hiyo si hatua?" Nikamwambia hicho ni kitu kidogo, watakijua wenyewe.

Nimejidanganya wiki tatu kwamba shida ilikuwa muda, lakini wewe nakwambia ukweli, haikuwa muda. Marehemu mzee Kelestini aliyenifundisha kazi hii alinilimisha shamba lake misimu miwili ndipo msimu wa tatu akanionyesha kusuuza, akasema fundi akimaliza yote siku ya kwanza, siku ya pili hasalimiwi, na mimi nikafikiri watakwama kidogo, watanipigia, nitapanda pikipiki niende nikawaonyeshe na mambo yatakuwa kama zamani.

Hawakukwama, na ubaya wote uko hapo, kwa sababu kwenye simu maji ya chumvi na maji matamu yanafanana, waliona mbegu ziko kwenye ndoo ya maji, halafu wakaniona nasema zilale kwenye maji usiku kucha, basi wakaziacha zilale kwenye chumvi ileile. Siku ya tano tangu video itumwe akanipigia Stefania, mwenyekiti wa kikundi cha Namawala, mama aliyesomesha watoto wanne kwa mpunga mtupu, akaniambia, "Shikamoo Mwalimu, tumefuata video yako hatua kwa hatua, tumeirudia mpaka betri imeisha, lakini magunia yananuka na mbegu hazijatoa hata kidomo, tumekosea wapi?" Nami badala ya kumwambia, ulimi ukateleza, nikasema, "Labda mbegu."

Bi Nadhira, ni maneno mawili tu, lakini kikundi kizima kilinunua mbegu kwa mzee Mtoro, na kesho yake Namawala yote inasema Mtoro kauza mbegu mfu, siku ya pili na Kibaoni wanasema, wengine wanamwita mtu wa kuja, mzee aliyefungua duka hapa mimi nikiwa darasa la nne, na sasa anakaa kwenye benchi lake dukani hakuna anayeingia. Hakugombana na mtu, amechukua mbegu za gunia lilelile, amezisia kwenye karai mbele ya duka na zimeota vizuri, lakini watu wanapita wanasema hizo kabadilisha. Hajira amekuja kwangu, yeye si mkulima, hajui kile kipande kilikuwa na uzito gani, akaniambia, "Baba Teddy, wewe ndiye wanakusikiliza, hebu waambie mbegu za baba ni nzima," nikamwambia nitaangalia. Tangu hapo nikienda mjini napita njia ya nyuma ya soko ili nisipite dukani nikalazimika kumwamkia yule mzee.

Kusia bado kunawezekana kwa wiki mbili hivi. Nimefikiria nirekodi video nyingine kimyakimya, niiite ya maboresho, hatua ya kusuuza iwemo, nisiseme lolote, watu waoteshe mbegu zao na mambo yajifie yenyewe. Nikisema ukweli sitaitwa Mwalimu tena katika bonde hili, na nikinyamaza nashindwa hata kula. Nifanyeje?

Mwalimu wa Mbegu, Lipangalala

BI NADHIRA ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Nimekuzidi miaka mitatu, kwa hiyo nitakusema kama dada. Barua yako ilifika Jumatatu, nikakupigia mara mbili kwenye namba uliyoandika, hukupokea. Basi nakujibu hapa mbele za watu. Majina nimeyabadilisha, ingawa huko kwenu najua mtu akisoma nusu, nusu nyingine atajimalizia mwenyewe.

Kwanza nikupe pole, na pole yangu ni ya kweli. Kuogopa kusahaulika si dhambi. Mtu amepewa kiti miaka kumi na minne, halafu anaambiwa kiti kiingie kwenye simu. Hata mimi ningenuna. Na mzee Kelestini hakukufundisha vibaya kwa zama zake. Lakini tazama tofauti, kaka. Yeye alikuficha hatua huku akiwa amekaa pembeni yako, na mbegu ukiloweka vibaya angekushika mkono. Wewe umewaficha watu ukiwa Lipangalala, wao wako Namawala, na kati yenu kuna kioo tu kisichoweza kusema "ngoja, hapo umekosea."

Sasa nikugombeze. Kukata kile kipande ni woga, na woga nausamehe. "Labda mbegu" siusamehe haraka. Hapo uliulizwa swali la wazi na mama mwenye magunia yanayonuka, nawe ukachukua kosa lako ukalibebesha mzee asiyehusika. Usiseme ulimi uliteleza. Ulimi ukiteleza mtu husema samahani palepale, wewe una wiki ya ngapi unapita nyuma ya soko?

Na hiyo video ya maboresho, itupe. Ile ya kwanza imeshatumwa, watu wameihifadhi, wametumiana, iko kwenye simu ambazo wewe hutazijua. Ukiweka nyingine iliyofanana nayo, mtu wa kijiji cha mbali ataipata ya zamani mwakani, ataua mbegu zake, na huko nako watatafuta Mtoro wao wa kumlaumu. Video mbovu haiondolewi kwa kunyamaza. Inaondolewa kwa mwalimu yuleyule kujitokeza na kusema, "Ile ya mwanzo yenye salamu ndefu ina kosa, msiifuate, na kosa ni hili."

Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka ishirini na sita, na nilipostaafu nilijaribu kujifunza kushona kola kwa video. Yule fundi wa kwenye simu alikuwa na maneno matamu, muziki nyuma, na kila saa anasema "kama mnavyoona." Sikuona kitu. Mkono wake ulikuwa umeifunika sindano. Niliharibu vitambaa vitatu mpaka mwanamke mmoja, sauti yake inakwaruza na jogoo anawika nyuma yake, akaonyesha kwanza kola iliyoharibika, akasema, "Ikikutokea hivi, ujue umevuta uzi huku." Siku hiyo nilishona kola. Nakwambia hili kwa sababu ulichonacho wewe leo walimu wengi wa video hawana: unalijua kosa hasa wanalofanya watu, na unajua limetoka wapi.

Kwa hiyo ukirekodi, anza na gunia linalonuka la Stefania. Lionyeshe karibu, mbegu mfu zijae kioo. Halafu weka ndoo mbili, moja ya chumvi na moja ya maji safi, na kwa kuwa jicho haliwezi kuzitofautisha, funga kitambaa chekundu kwenye ile ya chumvi tangu mwanzo hadi mwisho, hata anayetazama bila sauti ajue mbegu ziko ndoo gani. Kamera ikae mikononi mwako, uso wako tunaujua. Unaposuuza mara ya tatu weka punje ulimini, kisha nyamaza kidogo, mtu apate nafasi ya kuisimamisha video naye aonje yake. Somo moja, jambo moja; habari ya kitalu iwe na video yake. Mwisho waambie wakutumie picha ya gunia siku ya tatu pamoja na ujumbe wa sauti, nawe uwajibu.

Salamu zote zile ziondoe. Mwenyekiti, mtendaji na bwana shamba watakuelewa. Dakika moja na sekunde arobaini za hodi, halafu mgeni anaingia ndani hana alichobeba! Kaka yangu, nilicheka, halafu sikucheka tena.

Kuhusu ile hofu yako, hebu jiulize. Stefania alikuwa na video mkononi. Aliirudia mpaka betri ikaisha. Ilipomshinda alimpigia nani? Hakumpigia Hajira, wala hakuiuliza simu yenyewe. Video haikukuondolea kazi yako, imekubakishia ile ngumu, ya kupokea simu na kusema kweli. Hiyo uliifeli siku moja. Unaweza kuirudia.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo, usisubiri gazeti likauke wino. Mpigie Stefania kabla hujamaliza chai. Usimweleze historia ya mzee Kelestini, mwambie: "Mbegu zilikuwa nzima, mimi niliwaficha hatua ya kusuuza, kisha nikakudanganya." Akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Kisha toa mbegu ulizojiwekea kwa shamba lako, uwapelekee wana kikundi, na uloweke nao kwa mikono yako. Wewe utalima kidogo mwaka huu. Hutakufa.

Hajira umwambie kabla hajashika kamera. Mkono wa binti huyo ndio uliokata kipande ambacho kingemwokoa baba yake, tena alikuuliza kabla ya kukata, na mpaka leo hajui. Asije akakijua mbele ya kompyuta yake, peke yake, akiiangalia ile video ya zamani. Ajue kwa mdomo wako, na ajue kwamba kosa halikuwa lake. Kama bado anacho kile kipande, mwombe akirudishe kwenye video mpya kama kilivyo, watu wakuone ukisuuza, wajue ulikuwa unajua.

Utaendelea kuitwa Mwalimu? Sijui, na sitakudanganya. Wengine wataacha. Lakini jina unalolipigania sasa hivi linalindwa kila siku kwa gharama ya mzee anayekaa peke yake kwenye benchi.

Ndiyo maana kabla ya kamera, na kabla ya kwenda Namawala, pita Kibaoni. Pita njia ya mbele. Nenda mchana, duka likiwa wazi na watu wakipita, usiende na mtu wa kukusindikiza. Umewasalimia viongozi wote wa bonde zima kwa majina yao, mtu mmoja tu hujamwamkia. Simama mbele ya lile karai la miche yake, umwambie shikamoo, na usikae mpaka yeye akwambie ukae.