Kidole cha Zsombor

Mtaa wa Kanisani 14,
Siklós, Hungaria.
9 Februari 2019

Mpendwa Shangazi Etelka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Winnipeg, na kwamba goti lako limepata nafuu katika baridi hiyo. Sisi huku tuna afya, ila nyumba yetu imekuwa kama yenye msiba, nami sijui tena nimkimbilie nani isipokuwa wewe.

Ni kaka Zsombor. Unajua kwamba mwezi Aprili anatakiwa kupiga piano pamoja na okestra kule Pécs, kwa mara yake ya kwanza. Mwalimu wake wa chuo cha muziki alimkataza hata kukata mkate, asije akaumiza vidole. Lakini Desemba alikuja nyumbani siku ya kuchinja nguruwe, na Babu unamjua: mwanamume wa nyumba hii asiyeshika mguu wa nguruwe haketi mezani. Kaka alisita. Mzee Gáspár, jirani yetu, akacheka, akasema, "Mpeni bibi harusi huyo amenye vitunguu saumu, asije akavunjika kucha."

Basi kaka akavua glavu, akashika. Nguruwe akarusha teke, mkono ukabanwa kwenye chuma cha lango. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikavunjika.

Plasta imeshatolewa. Daktari anasema mfupa umeunga vizuri na kidole kina nguvu. Zsombor haamini. Anakikunja kiganjani kama mtu aliyeficha kitu, na kijiko anashika kwa mkono wa kushoto. Ile piano uliyomfundishia haifunguliwi. Mama amepanga juu yake chupa za matango ya siki.

Babu naye hagusi soseji. Zinaning'inia stoo tangu siku ile. Juzi alimsimamisha kaka mlangoni akamwambia, "Nipige mimi, mjukuu wangu, kisha ukapige piano yako." Kaka akajibu taratibu kwamba hana cha kupigia. Babu akaenda kusimama peke yake kwenye banda tupu la nguruwe.

Mwisho wa mwezi lazima awajibu watu wa okestra. Akikataa, nafasi atapewa mwingine, na yeye ameapa kwamba chuoni harudi. Ataomba kazi kwenye mizabibu. Tumembembeleza sote. Mama amelia hadi amechoka.

Lakini jana nilikuwa jikoni nikijifunza kuimba kwa ajili ya mtihani, nikionyesha kila noti kwa mkono, kama tunavyofundishwa shuleni. Nilipofika ti, ile noti ya saba, sauti ilishuka. Nikarudia, ikashuka tena. Kaka alikuwa dirishani, amenipa mgongo. Bila kugeuka akainua mkono wa kulia, akanyoosha kidole cha shahada kuelekea juu, kama ti inavyoonyeshwa.

"Juu zaidi, Boróka," akasema.

Kidole kile hakikushuka mpaka nilipoifikia noti. Kisha akakiona, akatia mkono mfukoni, akatoka.

Sijamwambia mtu mwingine. Shangazi, nakuomba umpigie simu, yako ataipokea. Usitaje piano hata kidogo. Mwimbie tu, na ukifika kwenye ti, kosea.

Baba, Mama na Babu wanakusalimu. Msalimie Mjomba Dénes na binamu Lilla. Mungu akulinde na barafu za njiani.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja kando ya simu,
Boróka