Ukurasa wa Tatu wa Daftari Lako

Kaka Siame,

Huko uliko najua unanicheka, basi cheka taratibu nikueleze. Duka lako la kuchapa hapa Tunduma bado lipo. Mimi pia nipo, na kwa sura bado nakuzidi.

Tanzia yako niliiharibu mimi.

Ile programu uliyoitunga, ya kugeuza maandishi ya kompyuta za zamani yanayotoka viboksi viboksi yawe herufi za kusomeka, ina njia tatu. Kwenye daftari uliandika ya kwanza, "Salama, hata mkituma wawili kwa pamoja." Ya pili vilevile. Ukurasa wa tatu ukauacha mweupe, ukalazwa hospitali, hukurudi. Na ulishaniambia, "Wewe Kidato cha Pili, kisichoandikwa usikiamini."

Siku ya msiba shemeji yako alileta tanzia kwenye flashi, na mzee mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaleta tangazo la kuuza mbuzi. Nikazituma zote njia ya tatu, kompyuta mbili kwa mpigo, maana mimi ni fundi. Kumbe njia ile ina kibakuli kimoja tu ndani. Kazi ya pili inamwagwa humo kabla ile ya kwanza haijapakuliwa. Sikusoma. Nikachapa, nikabandika kanisani: marehemu Siame, mzaliwa wa Itaka, ana pembe mbili na ndevu nzuri, anauzwa pamoja na wanawe.

Baba yako mdogo alisoma mpaka mwisho, akasema, "Ndevu ni kweli." Mkeo, Mama Tumaini, akacheka mbele ya jeneza, halafu akalia... kaka, alilia. Yule wa Nakonde naye akarudi kuuliza kwa nini mbuzi wake wanaombewa misa saa nane.

Baada ya arobaini mkeo akachukua funguo za duka. "Ukurasa wa tatu ujae, la sivyo urudi Msangano kwa ng'ombe wa baba yako."

Nikakaa katikati ya kompyuta mbili, mkono huku natuma kadi ya harusi, mkono kule tangazo la mahindi, kwa mpigo. Mara kumi na nane ikatoka safi. Nikashika kalamu niandike "salama", nikakumbuka ulivyokuwa ukinikera: "Bahati siyo ushahidi." Ya kumi na tisa, bwana harusi akageuka gunia la mahindi.

Nikaandika: "Njia ya tatu, mmoja mmoja. Mwingine asubiri. Imejaribiwa kwenye msiba wa mwenye daftari." Mkeo akasoma, akanirudishia funguo.

Lala, kaka. Daftari lako halitabaki na ukurasa mweupe tena, nakuahidi. Tanzia nimeichapa upya, peke yake, wateja wote wakisubiri. Pembe nimeziondoa. Ndevu nimeziacha.