Kanda Yako ya Nyimbo za Baa

Kaka yangu Salehe,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyenambia kwamba upo muziki wa watu waliochoka. Uliporudi kutoka masomoni Uingereza, miaka ile ya tisini, ukapanga chumba hapa mjini, mtaa wa Ruwi, na kuanza kazi benki, ulikuja na mapenzi ya roki ya mabaa: bendi za mtaani, gitaa mbili, ngoma, na jukwaa lisilozidi meza yetu ya kulia. Mama alikukazia macho.

"Na we huko baa ulikuwa ukifata nini?"

"Muziki, mama. Nlikuwa nnakunywa maji ya machungwa."

"Wallahi?"

"Wallahi. Mpaka wakaniita Bwana Machungwa."

Ukanirikodia kanda moja. Kabla ya kila wimbo ulieleza kwa sauti yako asili yake na kwa nini niusikilize. Wa kwanza, ulisema, mwimbaji wake mchana alipaka rangi nyumba za watu, na jioni akapanda jukwaani na rangi kwenye kucha. Wa pili ulizaliwa siku umeme ulipokatika, ndiyo maana watu wanapiga meza tu. Nilivijua visa hivyo kuliko masomo yangu.

Kisha nikakosea. Enzi hizo barua zetu kwa mama mdogo, Unguja, zilikuwa sauti: mama anarikodi salamu, msafiri anazichukua. Siku hiyo msafiri alikuwa mlangoni, na mama anaharakisha. Nikampa mama kanda ya kwanza niliyoishika, akarikodi juu yake ikaenda, nayo ilikuwa yako. Ulicheka. "Si kitu, ntakurikodia nyengine." Hukuwahi, mwezi haukwisha, ajali ya gari ikakuchukua. Tangu hapo nyumba nzima haikuwa na sauti yako. Mama hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonichosha zaidi.

Mwezi uliopita mama mdogo naye ametutoka, Mungu amrehemu. Binti yake ametuletea kanda zake. Hapa Al Khoudh hatuna tena redio ya kanda, ila gari langu kuukuu linayo. Ijumaa nikampeleka mama soko la mboga la Mawaleh, na tulipoegesha nikaitia ile yenye maandishi yako.

Kwanza alisikika mama na salamu zake zisizokwisha, jirani mmoja mmoja. Mwishoni akasema, "Salehe mzima. Katoka kidogo, sasa hivi atarudi." Pakasikika mlio wa kibonyezo, kisha wewe:

"...na huu wa mwisho usiusikilize na haraka. Kautunga muosha bilauri wa baa. Miguu inamuuma, anawaomba watu waende kwao."

Gitaa likaanza. Mama alinishika mkono.

"Si nlisema atarudi?"

Nilicheka, kaka, kisha nikalia juu ya usukani mpaka muuza nyanya akaja kugonga kioo.

Nakuacha hapa. Leo si Ijumaa, na mboga tunazo tele, lakini mama keshavaa buibui lake, yuko garini ananisubiri.

Mdogo wako, uliyemsamehe kwa kicheko