Dole Gumba Ndani ya Pezi la Bibi Shingo

Chumba cha Visukuku,
Makumbusho, Ghorofa ya Chini.
Tarehe 3 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na hewa ya huko kwa binti yako imekupokea? Sisi tu wazima, ila mimi nina jambo zito na sitaki kukuficha.

Unamkumbuka Bibi Shingo wako, yule mnyama wa bahari mwenye shingo ndefu aliyetoweka zamani, uliyemuunganisha mfupa kwa mfupa kabla sijazaliwa. Mwaka huu nimepitisha mifupa yake yote kwenye mashine ya kupiga picha za ndani, nikamuumba upya kwenye kompyuta ili aogelee, tuone alivyowinda. Akaogelea kweli. Lakini kila nikimwachia anazunguka kushoto, kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Wiki tatu nzima nilijiona fundi, nikawa namnyoosha kwa kubadilibadili hesabu. Hapo nilikosea. Juzi ndipo nilipochungulia ndani ya pezi la kushoto: mifupa miwili ni plasta tupu, wala hailingani na ya kulia. Na kwenye plasta kuna alama ya dole gumba lenye kovu la msumeno. Mjomba, nililitambua kabla hata sijavuta kiti.

Plasta si dhambi. Wewe ndiye uliyenifundisha: ukiziba, andika. Nimepekua daftari la matengenezo ukurasa kwa ukurasa, halina hata neno. Naogopa, Mjomba. Jina lako liko juu ya mlango ninaoupita kila asubuhi.

Mkuu wa kitengo ameshaalika wataalamu waje kumwona akiogelea Ijumaa ya wiki ijayo, nami ndiye nitakayesimama mbele yao. Nilipomwonyesha picha alifunga mlango. "Achana nayo, mwanangu," akasema. "Nani atachungulia huko?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ijumaa nitasema, hata ukinikataza. Nipigie uniambie ni nini kilivunjika siku ile ulipotia plasta. Nimekuachia mstari mtupu daftarini. Ukinyamaza nitaujaza mwenyewe, kwa mwandiko ulionifundisha wewe.

Nisalimie dada na mapacha wake. Mama anasema usijifanye kijana, dawa ya goti unywe. Mungu akulinde, na akulainishe moyo utakapoyasoma haya.

Wako akupendaye, na anayekuogopa leo kwa mara ya kwanza,

Mpwa wako,
Kibandiko