Nyuzi Tatu za Balalaika

Tukuyu, 2 Machi 1998

Mpendwa binti yangu Kissa,

Hujambo huko ugenini? Mimi sijambo, goti tu linanisumbua, na mvua ya kwetu unaijua, haina adabu. Mama yako mwili ni mzima, ila kumbukumbu zinazidi kumtoka. Mimi sasa ananiita "yule mzee". Ananitambua nikipiga balalaika tu, ile ala ya Kirusi kama gitaa dogo niliyorudi nayo kutoka Urusi nilipomaliza masomo ya kilimo. Nikianza kupiga, anakuja kukaa karibu na kuniita jina langu. Sasa nyuzi zote zimekatika. Mbeya hazipo, na nimejaribu mshipi wa kuvulia samaki, unalia kama kuku. Wewe uko Uchina kunakopatikana kila kitu, nitafutie nyuzi tatu.

Baba yako

Guangzhou, 21 Machi 1998

Shikamoo Baba,

Goti linaendeleaje? Barua yako nimeisomea sokoni, mtaa wa Guangyuan Xilu, nimekaa juu ya robota la jinzi, nikalia mbele za watu. Maduka ya muziki yote ni "meiyou", hakuna. Nikamwuliza Mrusi mmoja anayenunua jaketi hapa. Alicheka, akasema hayo ni mambo ya bibi yake, vijana wao wanataka gitaa la umeme. Mwishowe laoban, yaani mwenye duka, wa duka moja la ala za Kichina akanipa nyuzi tatu za chuma, akaapa ni zenyewe. Agripina ninayepanga naye chumba anarudi Mbeya keshokutwa, atakuletea mkononi. Niambie Mama akikuita jina.

Binti yako, Kissa

Tukuyu, 26 Machi 1998

Mwanangu Kissa,

Natumaini u mzima. Sijapata jibu lako, ila uzee huu, nilisahau jambo kubwa. Nyuzi mbili ni za nailoni. Ya tatu peke yake ndiyo ya chuma. Mwalimu wa bendi yetu ya hosteli kule chuoni Voronezh, Urusi, alitugombeza sana kwa hilo. Zote zikiwa za chuma zinavuta mno, na ubao wa mbele ni mwembamba, utapasuka. Jana mama yako alinifungia mlango, akasema hafungulii wageni. Nilisimama mvuani mpaka kaka yako Mikaeli alipokuja. Fanya hima.

Baba yako

Guangzhou, 14 Aprili 1998

Shikamoo Baba,

Barua yako imenifikia leo. Nakuomba usizifunge zile nyuzi. Simu ya misheni ya hapo Tukuyu nimeipiga tangu asubuhi, haiiti. Sina la kufanya ila kuandika, na najua barua hii itachelewa. Nimepata za nailoni, nimezitia humu ndani. Naogopa sana, Baba.

Binti yako, Kissa

Tukuyu, 4 Mei 1998

Mwanangu Kissa,

Marahaba. Sisi tupo. Nyuzi za nailoni zimefika, ni nzuri, zingefaa.

Usijilaumu. Zile za chuma nilizifunga Jumamosi kabla ya Pasaka, na nilijua ninachofanya. Mama yako alikuwa hataki tena chakula cha mkononi mwangu. Nilizikaza taratibu. Pasaka nikampigia, akaja, akaniita Sostenes, akauliza mbona nimekonda hivi. Tukala pamoja. Jumatatu ubao ulipasuka nikiwa napiga, yeye yuko pembeni. Seremala ameutazama, hana la kusaidia.

Sasa kila jioni anakaa kwenye kile kiti na kuuliza Sostenes atakuja saa ngapi. Nilikuwa namwambia, mimi hapa, mke wangu. Ananitazama kwa heshima na kusema, "Asante mzee, lakini namsubiri mume wangu." Siku hizi namjibu kwamba yuko njiani.

Baba yako