Mwanya wa Shangazi

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo mama? Kazi inakwendaje, na lile jino la nyuma ulilonidanganya kwamba limeacha kuuma? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi mzima ila masikio. Mashine ya kusagia meno imeyamaliza, na juzi mteja aliniambia meno yanambana, nikamjibu asante sana. Ndiyo maana simu nimeiacha, tuandikiane tu.

Kwanza habari za shangazi yako. Mwezi uliopita daktari alimng'oa meno yote yaliyobaki, fizi zilikuwa zimeshindwa kuyashika. Kupona anapona, lakini mwanangu, nyumba imepoa. Wewe unamjua huyu dada yangu tangu alipokuja kukulea baada ya mama yako kututoka: cherehani inanguruma na yeye anaongea juu yake. Sasa anaziba mdomo kwa ncha ya mtandio hata akiwa peke yake. Wanaoleta nguo anawajibu kwa kichwa. Chakula ananiandalia mezani, kisha yeye anakula jikoni akiwa amenipa mgongo.

Amesema nimtengenezee meno yoyote tu. Fundi wa meno ya bandia mimi, nimpe dada yangu meno yoyote? Unakumbuka niliponunua skana, ile mashine ya kupiga picha vinywa, kinywa cha kwanza kukipima kilikuwa chake. Meno yote yalikuwa mahali pake, na mwanya wake katikati, ule uliowatoa watu kwenye foleni waje kumsalimia. Fizi zikikauka nitafungua faili la picha ile na kumrudishia meno yake mwenyewe. Sijamwambia. Nataka ajionee kwenye kioo.

La pili ni dogo. Kompyuta ya karakana inalalamika kila asubuhi kwamba ile diski ya nje uliyoniachia imejaa, haiwezi kuweka nakala za akiba. Nifanyeje?

Baba yako

9 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, na jino linauma, umeshinda. Nimesoma habari za shangazi nikashindwa kumaliza chai. Mwambie nimemsalimia sana na ninazikosa kelele zake.

Kuhusu diski usihangaike. Ile programu huweka nakala mpya ya kompyuta yako kila wiki, kwa hiyo mle ndani kuna nakala za miaka zimepandana. Futa za zamani. Lakini kwanza fungua nakala ya mwisho, uchague faili lolote, uone kama linafunguka kweli. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni imani tu. Ukiridhika, anza na iliyo ya kale kuliko zote, ukipanda. Bakisha za miezi ya karibuni.

Na baba, tafadhali, futa kwa kutumia kitufe cha programu yenyewe. Usiingie kwenye folda na mikono yako kama unapangua kabati. Ukimaliza, iage diski kwanza kwenye kompyuta, ubonyeze pale pa kuiondoa, ndipo uchomoe waya.

Usiogope kupoteza kitu. Nakala ni kivuli. Mwenyewe yuko kwenye kompyuta.

Mwanao

27 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Sisi wazima, na mimi leo natembea kifua mbele. Nimefuta!

Nakala ya mwisho niliifungua kama ulivyosema, nikaona magego ya yule dereva wa lori, safi kabisa. Kitufe chako cha programu ndicho sikukiona. Nilivaa miwani, nikavua, nikavaa tena, nikasema basi, haraka ya nini kutafuta mlango na dirisha liko wazi. Nikaingia mwenyewe nikaangalia tarehe. Kulikuwa na folda moja ya kale kuliko zote, inaitwa Wazee. Nikaibeba nzima nikaitupa kwenye kapu la taka, na nyingine kadhaa, kisha nikaamuru kapu limwagwe.

Likaanza kumwaga. Nikaenda kuchonga nta, nikarudi, linamwaga. Nikala, nikarudi, bado lipo pale pale. Unajua mimi na kusubiri. Nikachomoa waya, ndiyo, bila kuaga. Usinigombeze.

Fizi za shangazi yako zimekauka vizuri. Wiki ijayo naanza kazi.

Baba yako fundi kompyuta

28 Februari

Baba,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nisamehe.

Programu ile haijawahi kutengeneza folda yenye jina la Wazee. Yenyewe huandika tarehe tu. Hilo jina umelitunga wewe. Naomba ufungue kompyuta, utafute faili la shangazi, kisha uniambie umeliona. Diski usiiguse kwanza.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kwa sababu sikujua nianzeje.

Halipo. Nimelitafuta kwa jina lake, kwa jina la utani, kwa tarehe. Nimekumbuka sasa. Mwaka ule kompyuta ilipokuwa nzito kama jiwe, niliwachukua wateja wote wa mwanzo nikawapeleka kwenye diski wakapumzike, nikawaandikia Wazee. Nilidhani nimepeleka nakala. Kumbe niliwahamisha wenyewe. Katika kazi yetu, ukimwaga plasta upate kinywa cha pili, cha kwanza kinabaki rafuni. Nani angefikiri kwamba kwenye kompyuta kitu kinaondoka na kivuli chake?

Na plasta yenyewe ya kinywa chake niliitupa tulipohama karakana, nikijisifu kwamba sasa kila kitu kiko kwenye mashine.

Shangazi yako aliniona nimekaa mbele ya kompyuta sifanyi kitu, akaja kuniuliza. Ikabidi nimweleze yote, hata ile zawadi niliyokuwa nimemfichia. Alisikiliza na mtandio mdomoni. Kisha akasema, "Kaka, acha. Mdomo wa mzee hauhitaji mapambo. Nipe meno ya kutafunia inatosha." Akarudi kwenye cherehani yake.

Nimeanza kumchongea meno ya kawaida, yamejipanga kama askari. Ni mazuri. Kila nikiyatazama nayaona ya mtu mwingine.

Baba yako

13 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza futa machozi. Kosa si lako peke yako. Mimi ndiye niliyekwambia uanze na ya kale, nikakuhakikishia mwenyewe yuko kwenye kompyuta wakati sikuwahi kuuliza. Mtaalamu mzima wa kompyuta, nikaagiza dawa bila kumpima mgonjwa.

Sasa sikiliza. Kompyuta ikifuta, haichomi kitu moto. Inabandua lebo tu, kisha inaona ile nafasi ni tupu, ikipata kitu kingine inakiweka juu yake. Hapo ndipo cha zamani kinapokufa kweli. Wewe ulichomoa waya kazi ikiwa katikati, na tangu siku hiyo hakuna kilichoandikwa juu yake. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nakushukuru kwa kukosa subira.

Usiichomeke tena popote, hata kuchungulia. Ifunge kwa sponji, uiweke kwenye lile boksi gumu unalotumia kusafirishia meno, unitumie. Hilo faili nitalitafuta mwenyewe.

Shangazi usimuahidi kitu. Lakini yale meno ya kiaskari, baba, yaweke kando kwanza.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Salamu. Mzigo umeondoka leo. Karani wa posta aliuliza ndani kuna nini, nikamwambia vinywa vya watu. Akanitazama, akagonga muhuri haraka.

Shangazi yako amesema tunajisumbua bure. Amelisema hilo akiwa anapiga pasi, na shati lile lile alilipiga pasi mara mbili.

Baba

2 Mei

Baba,

Shikamoo, na shangazi shikamoo yake nayo imo humu. Najua nimekaa kimya mpaka mkafikiri nimekimbia na diski. Nilikuwa napambana nayo kila nikitoka kazini.

Vinywa vimerudi. Si vyote. Vingine vimekatika katikati, kuna mteja wako amebakiwa na taya la juu tu. Tatizo ni kwamba vimerudi bila majina. Lebo zilibanduliwa, kwa hiyo kilichonifikia ni maelfu ya mafaili yenye namba ndefu, na nakala juu ya nakala. Haikuwapo njia ila kuwafungua mmoja mmoja, kuwatazama midomoni, na kusema samahani si wewe. Baba, sasa naijua kazi yako. Nimeona meno ya dhahabu, meno ya wavuta sigara, meno ya mtu ambaye naapa ni yule jirani aliyekuwa akinifukuza na mpira.

Watu wenye mwanya ni wengi kuliko nilivyodhani. Kila nikipata mmoja moyo unaruka, kisha nakuta si yeye. Nikaanza kuogopa kwamba nimemsahau, kwamba nitampita. Mtu amekulea, utamjuaje kwa meno tu, bila uso, bila sauti, rangi ya kijivu?

Jumapili nikafungua moja kama nilivyofungua mengine. Kabla sijafikiri chochote nilikuwa nimeshakaa wima, kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake lote. Mwanya ule. Na kwenye jino la kushoto la mbele, ukingoni, kijipengo kidogo kama tundu la sindano, pale alipokuwa akikatia uzi. Miaka yote ile nilikaa chini ya cherehani yake nikimtazama kutokea chini, anavuta uzi, anaukata kwa jino, anaendelea na hadithi. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye jino lile. Nililia, kisha nikacheka, kisha nikamsalimia.

Faili liko zima, juu na chini. Nimelituma pamoja na barua hii. Likifika, lifungue kwanza mbele ya macho yako. Kisha liweke kwenye kompyuta, uweke kwenye diski mpya ninayokutumia, na nakala nyingine mpe yule daktari unayefanya naye kazi akutunzie kliniki. Sehemu tatu, baba. Hapo ndipo tutakaa pamoja kwenye simu, upige kelele utakavyo, nikuoneshe kile kitufe na kufuta kilichozidi. Ile diski ya zamani nitaisafisha kabisa mimi mwenyewe. Vinywa vya watu si vya kuzagaa.

Na baba, asante. Umenifundisha kazi hii ya kutunza vya watu tangu nikiwa napanga plasta zako rafuni. Mimi nilifikiri nimejifunza chuoni.

Mwanao

30 Mei

Chiriku wangu,

Hujambo mwanangu? Umekula? Unalala? Baba yako hajambo, ameinama kwenye hiyo diski mpya anaibembeleza kama yai. Leo nimemnyang'anya zamu ya kuandika. Amekuwa akikupa habari zangu miezi yote kana kwamba mimi sina mkono.

Meno nimeyapata. Aliniita karakana, akanivalisha, akanishikia kioo. Sikutaka kutazama. Tangu meno yangu yang'olewe, kila nikikutana na kioo nilikuwa namwona mama yetu kama alivyokuwa siku zake za mwisho, nikawa napita mbali. Nikafumbua macho. Nilikuwa ni mimi. Mwanya wangu, na jino langu lenye pengo la uzi, hata hilo hakulirekebisha. Nikamuuliza baba yako kama fundi wa sifa zake ameshindwa kuziba kipengo kidogo, akaniambia kama nataka kizibwe nikatafute fundi mwingine.

Nilicheka mpaka wateja wake wakachungulia. Jioni tulikula mezani, mimi na yeye, nikamsema tangu tonge la kwanza hadi la mwisho. Kwa hiyo nadhani amepumzika vya kutosha sasa.

Lakini nimeshika kalamu kwa neno moja. Siku faili lilipopotea nilimwambia aache. Nilipomwona anafunga ile diski kwenye boksi nilimwambia mnajisumbua bure. Nilisema mdomo wa mzee hauhitaji mapambo, na ninyi wawili mkaendelea kutafuta. Ilikuwa uongo mwanangu. Niliutaka mwanya wangu kama mtoto anavyomtaka mama yake, nikaona aibu kuutaka kwa umri huu.

Asanteni kwa kutoniamini.

Shangazi yako